Mnacheza kwa Sheria ya Nani?

Watu wasiocheza dama hushangaa wanapoona wanaume wazima wamesimama juu ya ubao, mishipa ya shingo imewatoka, wanagombania kizibo cha bia. Wengine husema ni uvivu, wengine husema ni pombe, wengine husema wachimbaji ndivyo walivyo. Mimi nimekulia kando ya ubao, na miaka niliyokuwa na meza ya kuuza yuniti za simu Mutoshi kando ya mgodi, nilisikiliza ubishi huo tangu asubuhi mpaka jioni. Si uvivu wala si pombe. Anayegombania sheria ya mchezo anatetea kitu chenye thamani kwake, na mtu akishakifahamu kitu hicho hatacheka tena.

Baba yangu alinifundisha dama ya miraba mia. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines, na yeye alifundishwa na wakubwa zake wa kazi, jioni, nje ya nyumba za kambi pale Kolwezi, nchini Kongo. Ubao wake ulikuwa kipande cha mbao kilichochorwa kwa makaa, miraba kumi kwa kumi. Kete zilikuwa vizibo: upande mmoja vya Simba, upande mwingine vya Tembo, ishirini kwa ishirini. Bia hizo mbili hutengenezwa Lubumbashi na kampuni moja, lakini juu ya ubao hazikuwa na undugu. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuokota vizibo, kuvigonga kwa jiwe vikae bapa, kuvisugua kwa mchanga. Aliyevileta vimenyooka aliruhusiwa kukaa karibu na kutazama, mradi asiseme neno.

Sheria zake nilizijua kabla sijajua kusoma. Kete husogea mbele tu, mshazari, hatua moja, lakini hula mbele na nyuma. Kula ni lazima. Njia za kula zikiwa mbili, unafuata ile yenye kete nyingi, upende usipende. Kete ikifika mstari wa mwisho na kusimama pale, inakuwa dame, na dame hukimbia mshazari mbali itakavyo. Hizo ndizo sheria za shirikisho la dunia la mchezo huu, FMJD, lililoundwa mwaka 1947, na ndizo zilizoenea katika nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Baba na wenzake walizipenda pia kwa sababu ya mtu mmoja: Baba Sy wa Senegal. Alitoka Dakar akaenda kuwashinda mabingwa wa Ulaya, akafariki mwaka 1978, na mwaka 1986 shirikisho likamtambua kuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1963. Wazee wa kambi walilitaja jina lake kama watu wanavyotaja jina la mjomba aliyefika mbali. Kwao ubao wa mia ulikuwa mahali ambapo Mwafrika alikaa mbele ya mtu yeyote, kwa sheria zilezile, na akashinda.

Sasa nifike Mutoshi. Ni mgodi wa shaba na kobalti karibu na mji wa Kolwezi. Zamani uliitwa Ruwe. Kuanzia mwaka 2018 sehemu ya eneo hilo, lililokuwa chini ya kampuni ya Chemaf, ilizungushiwa uzio, na wachimbaji wa mikono wa ushirika wa COMIAKOL wakawa wanaingia kwa kitambulisho, wamevaa kofia ngumu na viatu vya kazi. Walikuwa maelfu, mpaka korona ilipousimamisha mradi mwaka 2020. Na palipo na maelfu ya watu, kando ya barabara patakuwa na chakula, bukari na sombe, patakuwa na yuniti za simu, na patakuwa na dama.

Watu hao walitoka kila upande. Wamo waliozaliwa hapahapa Manika na Dilala. Wamo waliotoka Kamina, Likasi, Kasai, na wamo waliotoka Kalemie, kule Ziwa Tanganyika. Tena kulikuwa na madereva wa malori. Shaba ya jimbo letu la Lualaba husafiri mbali: hupita Lubumbashi na Kasumbalesa, ikaivuka Zambia mpaka Tunduma, ikateremka hadi bandari ya Dar es Salaam. Dereva Mtanzania akisubiri kupakia mzigo anaweza kusubiri sana, na anayesubiri hutafuta mchezo. Alikuta Kiswahili chetu ni kingine kidogo, lakini vizibo vilikuwa vilevile, na akavuta kigoda.

Chini ya mwembe, karibu na meza yangu, palikuwa na ubao mzuri kuliko wote. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu, ambaye sote tulimwita Papa tu. Alikuwa amemwagiza seremala achore pande zote mbili: upande mmoja miraba mia, upande mwingine miraba 64. Ule mdogo aliuweka kwa ajili ya vijana na madereva, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamekua wakicheza kwa kete kumi na mbili kila upande. Ubao ulikuwa tayari kuwapokea watu wote. Sheria ndizo zilizokuwa bado hazijakubaliana.

Siku moja Papa alikuwa anacheza upande wa mia na kijana wa Kalemie, mchimbaji, mchezaji mwenye akili nyingi. Mchezo ulifika katikati. Papa akafanya jambo lililotunyamazisha sote: akasukuma kete yake moja mbele, peke yake, mahali pa kuliwa, na papo hapo upande wa kulia akawa ameacha nyingine mbili wazi. Mtu asiyejua angesema mzee amechoka. Lakini sisi tuliolelewa na ubao wa mia tuliona. Kwa sheria ya Papa kijana alilazimika kula mbili za kulia, na kizibo chake kingetua mahali ambapo Papa angefagia nne kwa mkono mmoja na kutua mstari wa mwisho, akiwa na dame. Papa alikuwa ameutega mtego huo muda mrefu.

Kijana akautazama ubao, akaitazama sura ya Papa, kisha akala ile moja ya kushoto.

Papa akaweka kidole juu ya ubao. "Rudisha. Kule kuna mbili."

"Papa, nimeziona. Lakini kwetu mtu anakulaka ile anapenda."

"Kwenu wapi?"

"Kalemie, Papa."

"Hapa si Kalemie."

Dereva mmoja aliyekuwa akitazama akaingilia kwa adabu: "Samahani mzee wangu, hata sisi kwetu Mbeya mtu anachagua mwenyewe." Moto ukawaka. Wastaafu wakasimama upande wa Papa, vijana wakasimama upande wa kijana. Na kabla haujazimika, ukawaka wa pili: dereva akasema tena kwamba mtu akiacha kula kabisa, kete yake huondolewa ubaoni, kijana wa Kalemie akamgeukia akasema hapana, huambiwa tu arudi ale. Wawili waliokuwa upande mmoja dakika ile wakawa sasa wanabishana wao kwa wao. Siku ile mchezo haukuisha.

Nimefikiri sana juu ya siku hiyo, maana wote watatu walikuwa watu wazuri, na wote watatu walikuwa wanasema kweli. Tena hata dunia haina dama moja. Waingereza hucheza kwenye miraba 64, kete zao hazili nyuma, na hata ile iliyofika mwisho hutembea hatua moja moja. Warusi hucheza pia kwenye 64, lakini kete zao hula nyuma, dame yao hukimbia, na mchezaji huchagua njia ya kula. Tena kete ikigusa mstari wa mwisho katikati ya kula, inageuka dame palepale na kuendelea kula. Kanada kuna ubao wa miraba 144, kete thelathini kila upande. Sheria ya kumnyang'anya kete aliyesahau kula ilikuwapo hata Ulaya zamani, kisha ikaachwa katika mchezo wa mashindano. Kijana wa Kalemie hakuwa amebuni kitu, wala dereva wa Mbeya. Kila mmoja alikuwa amebeba mchezo kamili, wenye masharti yake.

Basi kwa nini hasira? Sababu ya kwanza ni kwamba sheria moja hubeba juu yake maarifa yote ya mchezaji. Ile sheria ya kula nyingi ndiyo roho ya ubao wa mia. Mitego yote mikubwa hujengwa juu yake: unatoa moja, unatoa mbili, unamlazimisha mwenzako aende asikotaka kwenda, kisha unafagia. Papa alikuwa na mitego hiyo kichwani, mingi, aliyoipata kwa miaka ya kushindwa na wakubwa zake. Ondoa sheria hiyo, na mitego yote inakufa siku moja. Mzee anabaki na kete zake, lakini elimu yake imekuwa bure. Kijana naye, ukimwekea sheria hiyo ghafla, ujuzi wake wa kuchagua na kukwepa unakuwa bure vilevile. Kila mmoja alikuwa anatetea miaka yake.

Sababu ya pili ni mwalimu. Dama haifundishwi shuleni. Unafundishwa na baba, na kaka, na mkubwa wa kazi, na nahodha wa mtumbwi. Mtu akikuambia "hiyo si dama," kwa sikio lako amesema baba yako alikufundisha uongo. Papa alipoambiwa kwamba kwao Kalemie si hivyo, alijibu kama mtu aliyetukaniwa kaburi. Na kijana alipoambiwa "hapa si Kalemie," alisikia kitu kibaya zaidi ya sheria ya mchezo, kwa sababu mgeni katika mji wa madini husikia maneno kama hayo mara nyingi, na si kwenye ubao tu.

Sababu ya tatu ni yetu sisi wa Kolwezi. Fikiria maisha ya mtu wa umri wa Papa. Alizaliwa wakati mgodi ni wa Union Minière; mwaka 1967 ukawa wa serikali, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Jimbo lilikuwa Katanga, likaitwa Shaba, mwaka 1997 likarudi kuwa Katanga, mwaka 2015 likagawanywa na sisi tukawa Lualaba. Nchi ilikuwa Kongo, ikawa Zaire, ikarudi Kongo. Pesa ilikuwa faranga, mwaka 1967 ikawa zaire, mwaka 1993 ikawa zaire mpya, mwaka 1998 ikarudi kuwa faranga, na kila mara kuna mtu aliyebaki na noti zisizonunua kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango mmoja, na mtu aliyezoea kuamka kwa saa ya kazi akabaki nyumbani. Katika maisha hayo yote, ubao wa mia haukubadilika. Kula nyingi ilikuwa lazima wakati wa Mobutu, ikawa lazima wakati wa Kabila. Halafu anakuja mtu, kwa upole kabisa, kuuambia mji huu kwamba hata hiyo imebadilika. Nani asingeweka kidole juu ya ubao?

Na iko sababu ya nne, ambayo nadhani ndiyo kubwa: watu hugombana na aliye karibu. Chini ya mwembe ule walikuwapo pia wacheza karata. Sikuwahi kusikia mcheza dama akimwambia mcheza karata kwamba sheria zake ni mbovu. Mama wa kutoka upande wa Waluba aliyekuwa akiuza sombe alitusimulia kisolo, mchezo wa mashimo na kokoto waliouchimba ardhini kijijini kwao, na wote tulimsikiliza kwa furaha. Dereva aliposikia habari za mashimo akasema mbona hilo ni bao, na akaeleza lile la Zanzibar, la mashimo 32 na kete 64, lenye nyumba, lenye kunamua kwanza na mtaji baadaye. Rwanda kuna igisoro na Uganda kuna omweso, mashimo 32 na kete 64 vilevile, lakini mwenye bao akikaa nazo hatajua aanzie wapi. Hakuna anayegombana, kwa kuwa mpaka na ziwa vimewatenganisha na kila mmoja ameuita mchezo wake jina lake. Ubishi huanza pale ubao unapofanana na wa kwako, kete zinafanana na za kwako, na mkono wa mwenzako unafanya jambo ambalo mkono wako usingefanya.

Jambo hili si la Kolwezi peke yake. Marekani mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo ambao watu hukaa mezani na karatasi, kalamu na dadu zenye nyuso nyingi, mmoja anasimulia hadithi na wengine wanaigiza mashujaa ndani yake. Mchezo huo umetolewa upya mara nyingi, na kila toleo jipya linapotoka, wapenzi wake hugawanyika. Toleo la nne lilipotoka mwaka 2008 wengi walikataa kuhama. Mwaka uliofuata kampuni nyingine, Paizo, ikatoa Pathfinder, iliyojengwa juu ya sheria za toleo la zamani, na waliokataa wakapata nyumba. Watu wa nje huwacheka, kama wanavyotucheka sisi. Lakini mtu aliyesimulia hadithi na rafiki zake miaka kumi kwa kitabu kimoja, ukimwambia kitabu hicho kimepitwa na wakati, umegusa elimu yake, umegusa waliomfundisha, umegusa jioni zote alizokaa nao. Kwao liko jambo moja zaidi: sheria zina mwenyewe, naye huziuza, kwa hiyo anayekataa toleo jipya anakataa pia kununua mara ya pili kitu alichodhani ni chake. Dama haina wa kuiuza. Shirikisho la dunia liko mbali, na barua yake haifiki chini ya mwembe.

Ubishi wa namna hii unaweza hata kuzaa mchezo mzima. Mwaka 1863 Waingereza walikaa London kuandika sheria moja ya mpira wa miguu. Klabu ya Blackheath ilitaka wachezaji waruhusiwe kupigana mateke miguuni, wengine wakakataa, Blackheath ikatoka nje, na mwaka 1871 ikawa miongoni mwa klabu zilizounda chama cha raga. Leo hakuna anayesema raga ni mpira uliokosewa. Walitengana, kila mmoja akachukua jina lake, na amani ikapatikana. Lakini sisi wa chini ya mwembe hatukuwa na viwanja viwili. Tulikuwa na ubao mmoja, na kivuli kimoja, na jua la Kolwezi nje yake.

Papa ndiye aliyeleta dawa. Siku chache baada ya ugomvi, kijana alirudi, akasimama pembeni kwa heshima. Papa akamwita, akamwambia maneno ambayo tangu siku ile yakawa sheria ya mahali pale: kabla ya kizibo cha kwanza kusogea, wachezaji wawili wataje kwa sauti, mbele ya watazamaji, kula ni lazima au hapana, nyingi au kuchagua, nyuma au mbele tu, na aliyesahau kula afanywe nini. Wasipokubaliana, wacheze michezo miwili, mmoja kwa sheria ya huyu, mmoja kwa sheria ya yule. Na bia au faranga zisiwekwe mezani mpaka hayo yote yatajwe.

Sharti la pili ndilo lililotubadilisha. Papa alicheza kwa sheria ya Kalemie, akashindwa, na akaona kwamba kuchagua nako kuna akili yake: huwezi kumburuta mwenzako, inabidi umfungie njia zote, kama ng'ombe zizini. Kijana akacheza kwa sheria ya mia, akafagiwa, akafagiwa tena, kisha akaanza kumwuliza Papa mitego ile inajengwaje. Hakuna aliyeacha sheria yake. Papa mpaka leo atakuambia dama ya kweli ni ya mia, na Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini hakusema tena kwamba ya wengine si dama.

Nilichojifunza pale nimekitumia mbali na ubao: katika vikao vya familia, katika hesabu za biashara, katika mahari, mahali popote watu wawili wanapodhani wanafuata kanuni moja kwa sababu tu vyombo vyao vinafanana. Ugomvi mwingi hutokea katikati ya mchezo kwa sababu ya neno ambalo lingesemwa mwanzoni kwa nusu dakika. Na anayeikejeli sheria ya mwenzake bila kuicheza hajui anachokikejeli.

Kwa hiyo nakuomba wewe msomaji, uwe wa dama, wa bao, wa karata au wa mchezo wowote ule: ukikaa mbele ya mtu usiyemjua, mwulize kwanza kwao wanachezaje, na nani alimfundisha. Taja na zako. Mpe mchezo mmoja kwa sheria zake kabla ya kudai mmoja kwa za kwako. Tetea ulichofundishwa, maana waliokufundisha wanastahili kutetewa. Lakini usimwambie mtu kwamba mchezo wa baba yake si mchezo.